Kezia na Chupa Iliyonuka Ugoro

Ukimwita Kezia kwa upande wa kushoto, utaita mpaka koo likukauke. Sikio hilo halina kazi. Lilipasuka kwa kofi la mumewe, saa ya chai, jua likiwaka, na majirani wote wa mtaa wa Mbotela wakisikia kupitia madirisha yasiyofunga vizuri. Na alipigwa kwa nini? Kwa sukari. Watu wameuana kwa mashamba, wameuana kwa wake, lakini Kezia nusura auawe kwa kijiko cha sukari, na mimi nikilikumbuka jambo hilo damu inanichemka mpaka leo.

Tuanze na huyo mume, tummalize haraka. Phares alikuwa fundi wa breki za mabehewa kwenye karakana ya reli, mtu wa Bunyore, mrefu, nadhifu, mwenye sauti nzito iliyopendwa sana kwenye kwaya. Nje ya nyumba ungempenda. Ndani ya nyumba alikuwa mtu wa kunusa. Akirudi kazini ananusa mto, ananusa leso ya mkewe, ananusa kikombe kilichoachwa kwenye karai, kisha anauliza nani alikuwa hapa. Kezia alipoolewa alidhani ni utani. Alipokuja kumzaa binti yao Ayuma, alikuwa ameshajua kwamba si utani, na kwamba baada ya kunusa huja kofi.

Sasa, hiyo chupa. Kezia aliinunua kwa Waruguru, mama mmoja wa Kikuyu mwenye maneno machache na mikono minene, aliyekuwa akiuza chupa na makopo yaliyotumika kando ya Jogoo Road. Ilikuwa chupa kubwa ya mdomo mpana, kioo kizito, kifuniko cha bati chenye ua jekundu. Kezia aliisuuza kwa maji na sabuni, akaimiminia sukari ya nyumbani, akaiweka juu ya kabati ili mumewe akirudi aone kwamba ameoa mwanamke mwenye mpango. Hakujua kwamba chupa ile ilikuwa imekaa miaka juu ya meza ya muuza ugoro kule soko la Gikomba. Na sukari, kama hukujua, ni mbea. Chochote inacholala nacho itakitangaza asubuhi.

Siku ya siku Phares akanywa funda moja la chai, akalitema sakafuni. Akafungua chupa, akaingiza pua ndani, akakaa nayo humo. Kisha akauliza kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa wa kuogopwa, ni mzee gani anayetia mkono kwenye sukari yake. Kezia akasema hakuna mzee. Phares akasema yuko mmoja, nyuma ya ukuta huu hapa.

Mmoja huyo alikuwa Ndambuki, mlinzi wa usiku kwenye ghala la magunia, Mkamba aliyefiwa na mke zamani, na tangu hapo ugoro ndio uliokuwa ukimliwaza. Hakuwahi kukanyaga kwa Kezia hata kuomba chumvi. Lakini alikuwa akipiga chafya, chafya zikapenya ukutani, na kwa Phares huo ulikuwa ushahidi tosha.

Kofi la kwanza lilimpata Kezia shavuni, la pili sikioni. Alisikia kitu kikipasuka ndani ya kichwa, halafu upande ule wote ukanyamaza. Alipoanguka, Phares akamtia teke la mbavu, akamruka, akatoka nje, akaupiga mlango wa Ndambuki kwa bega mpaka kitasa kikang'oka. Mzee alikuwa amelala, maana kazi yake ilikuwa ya usiku. Akaburutwa kwa mguu mpaka uani, akapigwa mbele ya watoto waliokuwa wakichota maji, na mkono wake wa kulia ukavunjwa kwenye ukingo wa saruji wa bomba. Aliuliza mara moja tu amekosa nini. Wanaume wa mstari ule wa nyumba walisimama wakatazama, ati mambo ya mtu na mkewe hayaingiliwi. Sijui Ndambuki alikuwa mke wa nani.

Kesho yake Kezia akamfunga Ayuma mgongoni, akaikumbatia ile chupa na sukari yake yote, akatembea mpaka kwa Waruguru. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Hakuamkua. Alimteremsha mtoto, akamketisha juu ya gunia, kisha akamgeukia Waruguru na kummwagia sukari kichwani huku akimtukana kwa lugha ya kwao, matusi ambayo hata asiyeyaelewa alijua ni mazito.

Waruguru naye hakuwa mtu wa kumwagiwa vitu. Wakashikana. Leso zikachanika, rundo la makopo likaporomoka, wauza viatu wakaacha viatu vyao kuja kutazama, na wapo waliopiga miluzi. Kezia alimng'ata Waruguru begani, Waruguru akamvuta nywele, wakabingirika kwenye vumbi lililochanganyika na sukari. Mwisho Waruguru, kwa kuwa alikuwa mzito, alimkalia kifuani na kuinua ngumi. Hapo ndipo alipoiona damu ikichuruzika kutoka sikioni, damu ambayo hakuitoa yeye. Akaishusha ngumi bila kumpiga mtu.

"Aliyekufanya hivi si mimi," akasema. "Lakini chupa ni yangu. Inuka."

Wakati hao wawili wakipanguzana vumbi, Phares alikuwa ameshapeleka kesi kwa chama cha watu wa nyumbani. Chama hicho ndicho kilichokuwa kikisafirisha maiti, kikichangia harusi, kikiamua ugomvi wa watu wa Bunyore waliokuwa Nairobi. Mwenyekiti wake alikuwa Caleb, karani wa halmashauri ya jiji, mzee wa kanisa aliyehubiri dhidi ya pombe na tumbaku kwa nguvu kiasi kwamba waliokaa viti vya mbele walirudi nyumbani na mate yake. Phares alitaka jambo moja. Kezia arudishwe kwao, Ayuma abaki. Ng'ombe walikuwa wamelipwa, mtoto ni wa baba, na mama yake Phares alikuwa tayari kule kijijini kumlea. Mtoto mwenyewe hata ziwa hajaacha.

Kezia hakuwa amelia kwa ajili ya sikio, wala kwa ajili ya mbavu. Kwa hilo la Ayuma alilia mpaka akatapika. Akaenda kwa Caleb na uso wake uliovimba, akapiga magoti, akaeleza kwamba harufu ni ya chupa, aliyeiuza yupo, aulizwe. Caleb akajikuna kidevu, akatoa hukumu iliyowapendeza wazee wote kwa busara yake. Ikiwa harufu ni ya chupa, basi ikioshwa itatoka. Ikiwa ni ya mwanamume, itarudi. Jumapili baada ya ibada chupa iletwe mbele ya wazee, inuswe. Ikinuka, Kezia apande basi peke yake.

Maisha ya mtu na mwanawe yakawekwa kwenye pua za wanaume wanne. Haya.

Waruguru alimfundisha kazi kwa ukali. Kwanza akamnyang'anya sabuni, akasema sabuni ni ya kudanganyia wageni. Akachukua kifuniko, akakigeuza, akaonyesha kile kikaratasi kigumu kilichobandikwa ndani. Akakibandua kwa ncha ya kisu. Chini yake kulikuwa na utando mweusi wa mafuta, maana ugoro mzuri hutiwa samli kidogo, na harufu ikaruka ikawapiga wote wawili puani. "Hapo ndipo inapolala," Waruguru akasema, akakitupa kikaratasi jikoni kikaungua.

Baadaye ikaja zamu ya magadi. Yayeyushwe kwenye maji ya moto, lakini chupa ipashwe kwanza kwa maji ya vuguvugu, la sivyo kioo kitalia na kupasuka. Acha magadi yayale mafuta. Ikisuuzwa ijazwe makaa yaliyopondwapondwa, makaa makavu yasiyowahi kuloa, yakae humo yakinywa harufu. Yakimwagwa, chupa ilazwe juani mdomo wazi, kifuniko kando yake, na usivikutanishe kamwe vikiwa na unyevu. Mwishowe utie sukari kidogo, ufunike, uache jua liichemshe, kisha uionje kabla hujala kitu. Ulimi ukikuambia sukari tu, umemaliza. Ukikuambia sukari na kitu, rudi kwenye magadi.

Kezia alirudi kwenye magadi mara nyingi. Aliisugua ile chupa kama anayemkaba mtu. Vidole vikachubuka, magadi yakaingia kwenye vidonda, akaendelea. Phares alipoona mikono yake imeingia makaa aliuliza anamfulia nani, akampiga kwa mkanda wa suruali mbele ya mtoto, na Ayuma akajifunza siku hiyo kulia bila sauti. Lakini mkanda hauzuii magadi kufanya kazi. Jumamosi mchana Kezia alionja sukari, akafumba macho. Ilikuwa sukari tu. Akampa Waruguru naye akaonja, akatikisa kichwa kukubali.

Jumapili ikafika. Wazee wanne waliketi sebuleni kwa Caleb, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono. Phares alikaa karibu na mlango ndani ya suti yake ya kwaya. Wake za wazee walikuwa jikoni na Rispa, mke wa Caleb, wakipika chai, na mmoja wao alikuwa amembeba Ayuma. Kezia alisimama katikati ya chumba na chupa yake imefungwa kwenye kitambaa safi. Mbavu zilimuuma akivuta pumzi. Alikuwa amejiambia kwamba asubiri tu, kazi yake itamsemea.

Caleb akaomba sala ndefu. Baada ya sala, mzee mmoja akatoka nje kidogo, akarudi. Mwingine naye akatoka, akarudi akipangusa pua. Caleb mwenyewe akasema anakwenda kutazama kama lango limefungwa. Hapo tena! Nyani haoni kundule. Hao wote wanne walikuwa wamelisimamia kanisa miaka na miaka wakilaani tumbaku, na kila mmoja wao alikuwa na kijikopo chake mfukoni, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Chupa ikaanza safari yake. Caleb akaifungua, akanusa, akaguna. Akatia vidole viwili ndani kupapasa kama kuna utelezi, akazungusha kidole gumba kwenye mdomo wa chupa. Akampa wa pili, naye akapapasa hivyohivyo. Wa tatu akafanya vilevile. Wa nne akapiga chafya, akaomba radhi, akapapasa. Ndipo akapewa Phares.

Phares akanusa. Hakuwa na haraka. Akanusa tena, akainuka, akamsogezea Kezia chupa puani.

"Nusa mwenyewe," akasema.

Kezia akanusa. Ugoro. Mbichi, mkali, ule ule. Kwa muda mfupi aliamini kwamba Mungu mwenyewe amemgeuka, kwamba pengine kweli kuna kitu alichokosa bila kujua. Nakwambia hilo ndilo baya kuliko kofi, mtu kufika mahali pa kujishuku mwenyewe kwa jambo asilolitenda. Hapohapo Phares akampiga kwa mgongo wa mkono, mbele ya wazee, Jumapili, na Biblia iko mezani. Kezia akaanguka kifudifudi miguuni mwa Caleb. Hakuna mzee aliyeinuka. Mmoja alisema polepole kwamba inatosha, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

Sasa sikiliza. Kezia yuko chini, damu mdomoni, na mkono wa Caleb unaning'inia pembeni ya kiti, karibu kabisa na pua yake. Pua ile ilikuwa imeshinda wiki nzima ikitafuta kitu kimoja tu duniani. Ikakipata. Kezia akakishika kidole gumba cha mwenyekiti, akakivuta, akakinusa. Caleb akajaribu kuuondoa mkono. Kezia akakishika kwa mikono miwili. Caleb akamsukuma kwa goti, likampata begani, Kezia hakuachia. Phares akamkamata miguu akaanza kumvuta nyuma, na mwenyekiti, kidole chake kikiwa bado mikononi mwa mwanamke, akatoka kitini akaanguka juu yake na kitambaa cheupe kikamfuata.

"Rispa," Kezia akaita kutoka chini ya mzee. "Njoo unuse mkono wa mume wako."

Rispa alikuwa ameshafika mlangoni na sinia la vikombe. Alikuwa mwanamke mpole, mwalimu wa shule ya Jumapili, na kwa miaka mingi alikuwa akiambiwa kwamba ile harufu kwenye mito ya kitanda ni dawa ya mafua. Aliinama akanusa. Wakati huohuo kijikopo kikadondoka kutoka kwenye koti la Caleb, kikafunguka sakafuni, na mambo yakawa wazi mbele ya wote. Rispa aliinua sinia, vikombe vyote vikamwagika na kuvunjika, akamshindilia mumewe kichwani. Akamshindilia tena. Wazee wale wengine wakatia mikono mifukoni kwa pamoja, kila mmoja akiziba chake, na wake zao waliokuwa nyuma ya Rispa wakaiona mikono ile.

Purukushani ikaanza. Mzee wa nne alikimbilia dirishani, mkewe akamrudisha kwa kola. Katikati ya vurugu Phares alimwinua Kezia kwa nywele, akakunja ngumi amalizie alichoanza. Kosa lake ni kwamba hakutazama mkono wa Kezia umeokota nini. Kezia alimpiga mdomoni kwa ile chupa, kwa nguvu zote za makofi aliyowahi kuyanyamazia. Kioo kilikuwa kizito na hakikuvunjika. Kilichovunjika ni jino la mbele, nalo likaruka likaanguka kwenye maji ya chai. Phares akakaa chini akaziba mdomo, damu ikimpitia kwenye vidole mpaka kwenye suti ya kwaya. Kezia alisimama juu yake na chupa imeinuliwa. Alitaka kumuua. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi baadaye, alitaka kumuua, na kilichomzuia ni sauti ya Ayuma iliyotoka jikoni.

Caleb alikuwa amekaa sakafuni, kipaji cha uso kimepasuka, mkewe amesimama juu yake na sinia lililopinda.

"Sema," Rispa akamwambia.

"Chupa ilikuja safi," Caleb akasema. "Ilikuja safi. Ugoro ni wetu. Mtoto aende na mama yake."

Kezia akapita katikati yao. Akamchukua Ayuma, akamfunga mgongoni, akatoka na chupa yake kwapani. Phares hakumfuata. Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake.

Alikwenda kwa Waruguru kule mtaa wa Huruma, wakakaa chumba kimoja na watoto wao, na kazi ikawa ile. Chupa za achari, chupa za mafuta ya taa, chupa za dawa ya kikohozi, zote zilipita mikononi mwake zikatoka hazinuki kitu. Wanawake walikuja kutoka Mbotela na Makadara kumtafuta. Chupa iliyowahi kutiwa dawa ya panya hakuigusa, aliivunja mbele ya aliyeileta, na ukilalamika anakutukana. Ugomvi haukumtoka. Aliwahi kumpiga askari wa halmashauri kwa kifuniko cha sufuria, lakini hiyo ni habari nyingine.

Ndambuki mkono wake ulipona umepinda, akapoteza kazi ya ulinzi, akarudi kwao Ukambani. Chama hakikumwomba radhi. Kezia peke yake ndiye aliyekwenda kumsindikiza, akampa chupa yenye kifuniko kipya cha kuwekea ugoro, mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mimi hicho chama siwezi kukisamehe, na sijali nani atachukia.

Phares naye alikuja. Ayuma alikuwa ameshaanza shule. Mume huyo alikuja mchana, amekonda, kofia mkononi, pengo likionekana akifungua mdomo. Kezia alikuwa ameinamia karai, akisugua. Phares akasimama kando yake akaanza kusema. Alisema mengi. Waruguru, aliyekuwa akiponda makaa hatua chache kutoka hapo, alisikia yote: kwamba alikosa, kwamba hapati usingizi, kwamba amekuwa akilisikia kofi lile kila siku, kwamba hataki arudiwe, anataka neno moja tu la msamaha. Alilia mtu mzima yule. Akangoja. Kezia akasuuza chupa, akainyanyua juani akaitazama, akachukua nyingine. Phares akangoja tena, kisha akavaa kofia yake akaenda zake.

Waruguru akaacha makaa. Akazunguka upande wa kulia, akamgusa Kezia bega, akamwambia nani alikuwa hapo na amesema nini.

Kezia akatazama kule barabarani, hakuona mtu. Akauliza alikuwa amesimama upande gani.

"Wa kushoto," Waruguru akasema.

"Basi hakuniambia kitu," Kezia akasema, akanyoosha mkono apewe magadi.